Mgeni Njoo, Mwenyeji Asiponzwe: Wanafunzi wa Sheria katika Ofisi za Utetezi za China

Mwanafunzi wa sheria akitangaza kwamba anakwenda China kufanya mafunzo kwa vitendo katika ofisi inayotetea wanyonge, hupata majibu ya aina mbili. Wapo wanaomcheka: China nako kuna mahakama ya kuishtaki serikali? Na wapo wanaompigia makofi kana kwamba anakwenda vitani. Wote wanazungumzia nchi ya kufikirika. China iliyopo ina sheria ya mazingira inayoziruhusu asasi kufungua kesi kwa niaba ya umma. Ina sheria ya msaada wa kisheria inayowataja wanafunzi wa sheria humo ndani. Ina waendesha mashtaka wanaoshughulikia mashauri ya maslahi ya umma zaidi ya 100,000 kwa mwaka. Na ina mawakili waliokwenda jela kwa kazi ambayo, ukiisoma kwenye karatasi, inafanana mno na hiyo hiyo.

Mgeni anayeingia hapo kwa miezi miwili mitatu bila kuelewa jinsi mambo hayo yanavyokaa pamoja anaweza kurudi kwao na picha nyingi kwenye simu na asiwe ameona kitu. Mbaya zaidi, anaweza kuwaachia wenyeji wake matatizo ambayo yeye hatakuwapo kuyajibu. Kwa hiyo tuanze na namna kazi hiyo inavyofanyika, ndipo tufike kwa mgeni.

Barua iliyofanya kazi ya hukumu

Tarehe 17 Machi 2003, mjini Guangzhou, polisi walimkamata Sun Zhigang, kijana wa miaka 27 kutoka mkoa wa Hubei aliyekuwa akifanya kazi ya ubunifu wa michoro. Kosa lake ni kutembea bila kibali cha makazi ya muda. Siku tatu baadaye alikufa kizuizini, baada ya kupigwa. Waliomkamata walitumia kanuni za mwaka 1982 zilizotungwa kwa ajili ya ombaomba na watu wasio na makao, lakini kwa miaka mingi zilikuwa zimegeuzwa fimbo ya kuwakamata watu wa mashambani waliohamia mijini na kuwarudisha kwao.

Gazeti moja la Guangzhou liliifichua habari hiyo mwishoni mwa Aprili. Mwezi Mei, wasomi watatu vijana wa sheria, Xu Zhiyong, Teng Biao na Yu Jiang, waliiandikia barua Kamati ya Kudumu ya Bunge la Umma la China. Hawakufungua kesi. Walitumia Sheria ya Utungaji wa Sheria ya mwaka 2000, inayompa raia nafasi ya kuomba kanuni ichunguzwe iwapo inapingana na Katiba. Bunge halikutoa jibu rasmi. Mwezi Juni Baraza la Serikali, chini ya Waziri Mkuu Wen Jiabao, likazifuta kanuni zile lenyewe, na kuanzia 1 Agosti 2003 utaratibu mzima ukawa umekwisha. Waliompiga Sun walihukumiwa kwa makosa ya jinai, lakini hakuna mahakama iliyotamka neno lolote kuhusu uhalali wa kanuni.

Kwa mwanafunzi aliyelelewa katika mfumo wa sheria wa Kiingereza, kama walivyo wa Kenya, Tanzania na Uganda, jambo hili linasumbua kichwa. Huku kwetu tunafundishwa kusaka hukumu: mahakama ya rufani ikishasema, za chini zinafuata. Kule hukumu ya jaji haizifungi mahakama nyingine kwa namna hiyo. Tangu 2010 Mahakama Kuu ya Umma hutoa kesi teule za kuwaongoza majaji, lakini sheria yenyewe hukaa katika maandishi ya Bunge, Baraza la Serikali na wizara. Basi wakili anayetaka jambo libadilike hufungua kesi ili wizara isikie. Akishinda, vizuri. Akishindwa huku wizara imesikia, vizuri vilevile.

Mifano ni mingi. Mwaka 2002 Jiang Tao, mwanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Sichuan, alilishtaki tawi la Chengdu la benki kuu ya China kwa tangazo la kazi lililotaka wanaume wenye urefu wa sentimita 168 na kuendelea. Mahakama iliitupa kesi yake. Lakini benki ilikuwa imekwisha kukiondoa kigezo hicho. Mwaka 2003 Zhang Xianzhu wa Wuhu, mkoani Anhui, alikataliwa kazi serikalini kwa kuwa na virusi vya homa ya ini aina ya B, ingawa alikuwa amefaulu vizuri mitihani. Mwaka uliofuata mahakama ilisema uamuzi wa kumkataa haukuwa na ushahidi wa kutosha, ila haikuamuru aajiriwe. Kwa hesabu ya mtu mmoja, hayo ni matokeo ya kusikitisha. Kwa hesabu ya watu wote wenye virusi hivyo, Januari 2005 vigezo vya afya vya watumishi wa umma vililegezwa, na mwaka 2010 kupima homa ya ini B kama sharti la ajira au kujiunga na shule kukapigwa marufuku.

Ndiyo maana mwanafunzi anayejaza daftari lake kwa kuandika nani kashinda na nani kashindwa huwa anahesabu kitu kisicho sahihi.

Ofisi zilizompokea mgeni

Kituo kinachotajwa sana kama cha mwanzo kilianzishwa Chuo Kikuu cha Wuhan mwaka 1992, kwa ajili ya haki za raia wasiojiweza. Mwaka 1995, Beijing ilipokuwa mwenyeji wa mkutano wa dunia wa wanawake, mwanasheria Guo Jianmei alianzisha kituo cha wanawake chini ya mwavuli wa Chuo Kikuu cha Peking. Mwaka 1998 Profesa Wang Canfa wa Chuo Kikuu cha Siasa na Sheria cha China alianzisha kituo cha kuwasaidia waathirika wa uchafuzi wa mazingira, kikawa na laini ya simu iliyopigwa na wakulima kutoka kila upande wa nchi. Tong Lihua alianza na watoto mwaka 1999, kisha mwaka 2005 akafungua ofisi ya wafanyakazi wahamiaji. Lu Jun na wenzake walianzisha Yirenping, asasi ya kupinga ubaguzi, mwaka 2006, wakianzia na hao wenye homa ya ini. Mwaka 2000 vyuo saba vilifungua kliniki za sheria kwa fedha za Ford Foundation, shirika la ufadhili la Marekani.

Fedha za nje zilikuwa kila mahali, na pamoja nazo walikuja wanafunzi wa nje, wengi wao kutoka vyuo vya Marekani, wakipewa ruzuku za likizo ya kiangazi na vyuo vyao. Wakati ule mambo yalikuwa mepesi: barua pepe, mahojiano mafupi, dawati.

Na wakifika walifanya nini? Hapa wengi hukata tamaa wiki ya kwanza. Mgeni haruhusiwi kufanya mtihani wa taifa wa sheria, kwa hiyo hawezi kuwa wakili wa China. Hawezi kumwakilisha mteja. Hata mwanafunzi wa Kichina njia yake ilibanwa: marekebisho ya Sheria ya Mwenendo wa Madai yaliyoanza kutumika 2013 yalipunguza watu wasio mawakili wanaoweza kusimama mahakamani kwa niaba ya mwingine. Basi mgeni hupewa kazi za mezani. Anasahihisha Kiingereza cha ripoti ya mfadhili. Anatafsiri. Anaandika kurasa kumi kuhusu jinsi nchi nyingine zinavyoshughulikia tatizo fulani.

Kazi hiyo ya mwisho ndiyo inayodharauliwa zaidi, na kwa maoni yangu ndiyo iliyokuwa na maana kuliko zote. Watunga sheria wa China hupenda kujua wengine wamefanyaje, na rasimu nyingi hutolewa hadharani ili watu watoe maoni. Andiko zuri la kulinganisha sheria linaweza kuingia kwenye maoni ya asasi, na maoni hayo yakaingia kwenye mjadala. Vikundi vya wanawake vilisukuma hivyo kwa miaka mingi hadi Sheria ya Kupinga Ukatili wa Kifamilia ikapitishwa Desemba 2015, ikiwa na amri za ulinzi ambazo mwathirika anaweza kuiomba mahakama. Mtu hapati makofi kwa andiko kama hilo, na jina lake halitaonekana popote.

Ushahidi uko mfukoni mwa mfanyakazi

Anayejua Kichina cha kutosha hukaa kwenye chumba cha mapokezi, na hapo ndipo shule yenyewe ilipo. Chukua kesi za wafanyakazi, kwa sababu ndizo nyingi. Sheria ya Mkataba wa Kazi iliyoanza 1 Januari 2008 ni kali kwa mwajiri: akimtumikisha mtu zaidi ya mwezi mmoja bila mkataba wa maandishi, anapaswa kumlipa mshahara mara mbili kwa kila mwezi unaofuata, hadi mwaka utimie. Mgogoro huanzia kwenye baraza la usuluhishi wa kazi, ambako hakuna ada, na muda wa kudai ni mwaka mmoja. Ukisoma tu, unaona mfanyakazi kashinda kabla hajaanza.

Kisha anaingia fundi wa ujenzi. Alichukuliwa na mtu wa kijijini kwao, ambaye alipewa kazi na mkandarasi mdogo, ambaye alipewa na mkandarasi mkubwa. Hana mkataba. Jina la kampuni halijui sawasawa. Swali la kwanza si la mshahara mara mbili, ni hili: utathibitishaje kwamba uliwahi kufanya kazi pale? Waraka wa wizara ya kazi wa mwaka 2005 unataja vitu vinavyokubalika: kumbukumbu za malipo, kitambulisho cha kazini, fomu ya kujiandikisha, daftari la mahudhurio, maneno ya wafanyakazi wenzake. Kwa hiyo mwanafunzi hujifunza kuuliza maswali madogo madogo. Una sare yenye nembo? Kadi ya kuingilia kantini? Nani alikutumia fedha, na kwa akaunti ya nani? Siku hizi nusu ya ushahidi imo kwenye ujumbe wa WeChat, na kazi ni kumzuia mteja asibadilishe simu kabla haujahifadhiwa.

Majuma yanayotangulia Mwaka Mpya wa Kichina, ofisi za aina hii hufurika. Kila mtu anataka kurudi kijijini na fedha mkononi. Baraza la Serikali lilitunga kanuni maalumu za malipo ya wafanyakazi wahamiaji, zikaanza kutumika Mei 2020, na msimu huo wa msongamano bado upo.

Kesi moja inaeleza tatizo la ushahidi kuliko kitabu chochote. Zhang Haichao, mfanyakazi wa kiwandani mkoani Henan, alianza kukohoa mwaka 2007. Hospitali kubwa zilimwambia ana ugonjwa wa mapafu utokanao na vumbi. Lakini kwa sheria ya wakati ule, ugonjwa wa kazini ungeweza kuthibitishwa na taasisi maalumu tu, na taasisi hiyo ilitaka nyaraka ambazo ziko mikononi mwa mwajiri, yaani mtu yuleyule atakayelipa. Taasisi ya Zhengzhou ilimwandikia kifua kikuu. Juni 2009 Zhang alilala kitandani na kumtaka daktari amfungue kifua. Mapafu yalionekana kwa macho. Baada ya magazeti kuiandika habari hiyo, uchunguzi ulirudiwa, akatambuliwa kuwa katika hatua ya tatu ya ugonjwa, akalipwa fidia ya yuan 615,000. Mwishoni mwa 2011 sheria ya magonjwa ya kazini ilirekebishwa ili mwajiri anayeficha nyaraka asiweze tena kuuzuia uchunguzi.

Mwanafunzi anayeisoma kesi hiyo akaona ujasiri wa mtu mmoja hajaisoma vizuri. Inahusu nani anashika faili.

Upande wa mazingira ugumu ni wa aina nyingine. Mwaka 2005 wakazi 1,721 wa kaunti ya Pingnan, mkoani Fujian, walishinda kesi dhidi ya kiwanda cha kemikali, wakisaidiwa na kituo cha Wang Canfa, na wakili wao akiwa Zhang Jingjing. Sheria iliwabeba: katika kesi za uchafuzi ni mchafuzi anayepaswa kuonyesha kwamba madhara hayakutokana naye. Mahakama ya mkoa iliongeza fidia hadi yuan 684,178. Gawanya kwa watu 1,721 utaona kila mmoja alipata karibu yuan 400.

Mgeni anaondoka, mwenyeji anabaki

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika ofisi hizi methali hiyo ilianza kugeuka mwaka 2009. Asasi nyingi zilishindwa kujisajili kama asasi, kwa sababu usajili ulihitaji idara ya serikali ikubali kuwa mlezi. Zikajisajili kama kampuni. Gongmeng, iliyotokana na wale walioandika barua ya 2003, ilikuwa hivyo. Julai 2009 ilipigwa faini ya kodi ya yuan milioni 1.42 kwa sababu ya fedha za misaada, zikiwemo za Chuo Kikuu cha Yale. Ikafungwa. Mwaka uliofuata Chuo Kikuu cha Peking kilikata uhusiano na kituo cha Guo Jianmei.

Mwaka 2015 ulikuwa mbaya zaidi. Mwezi Machi, wanaharakati watano wa haki za wanawake walikamatwa kwa kupanga kubandika stika dhidi ya unyanyasaji wa kijinsia kwenye vyombo vya usafiri, na ofisi ya Yirenping ikapekuliwa. Tarehe 9 Julai ilianza kamatakamata iliyowakumba mawakili na wasaidizi wao zaidi ya 200. Desemba ikawa zamu ya vituo vya wafanyakazi mkoani Guangdong. Januari 2016 raia wa Sweden, Peter Dahlin, aliyekuwa na shirika dogo la kuwasaidia mawakili, alikamatwa Beijing, akaonyeshwa kwenye televisheni akikiri makosa, akafukuzwa nchini. Yeye alipanda ndege. Wakili Wang Quanzhang, aliyewahi kufanya kazi naye, alikaa kizuizini miaka mitatu na nusu kabla ya kuhukumiwa miaka minne na nusu, Januari 2019.

Hesabu hiyo ya watu wawili ndiyo ambayo mwanafunzi yeyote wa kigeni anapaswa kuifanya kabla ya kuomba nafasi. Hatari yake yeye ni kurudishwa nyumbani. Kwa mwenzake wa dawati la pili, uwepo wa mgeni unaweza kuwa aya katika hati ya mashtaka.

Ofisi ya Guo iliamriwa kufungwa mwanzoni mwa Februari 2016. Sheria ya ukatili wa kifamilia ilianza kutumika tarehe 1 Machi.

Kisha ikaja sheria iliyobadilisha kila kitu kwa wageni. Sheria ya Usimamizi wa Asasi za Nje ilipitishwa Aprili 2016, ikaanza 1 Januari 2017. Iliiweka kazi ya kuzisajili asasi hizo chini ya Wizara ya Usalama wa Umma, yaani polisi. Asasi ya nje inahitaji idara ya serikali iwe mlezi wake, au, kama ni shughuli ya muda isiyozidi mwaka, mshirika wa Kichina atakayetoa taarifa siku 15 kabla. Chama cha mawakili wa Marekani, kilichokuwa na mradi Beijing tangu 1998, kilifunga ofisi yake kabla sheria haijaanza.

Ila kuna kifungu ambacho wanafunzi wengi hawakijui. Kifungu cha 53 kinasema ushirikiano kati ya shule za nje na shule za China unaendeshwa kwa taratibu nyingine za kitaifa. Chuo kwa chuo, mlango haukufungwa. Ndiyo maana leo njia ya uhakika ya kuiona kazi hii kwa karibu ni kuwa mwanafunzi wa chuo cha China kwanza.

Kilichobaki, na serikali iliyokaa kwenye kiti cha mtetezi

Wakati asasi zinabanwa, serikali ilikuwa inajenga sheria yake yenyewe ya maslahi ya umma. Sheria ya Mazingira iliyoanza Januari 2015, katika kifungu cha 58, iliziruhusu asasi zilizosajiliwa ngazi ya jiji kwenda juu, zenye miaka mitano ya kazi bila kosa, kuwashtaki wachafuzi. Friends of Nature, asasi iliyoanzishwa mwaka 1994, ilikuwa miongoni mwa waliofungua kesi ya kwanza, huko Nanping, siku ileile sheria ilipoanza. Mwaka 2020 asasi hiyo ilipata amri ya mahakama ya Kunming ya kusimamisha bwawa la umeme ambalo lingezamisha makazi ya tausi wa kijani mkoani Yunnan. Bwawa lilikuwa bado linajengwa. Kesi ilizuia madhara kabla hayajatokea. Hata hivyo asasi hizi hujua gharama: mwaka 2017, katika kesi ya udongo wenye sumu Changzhou, mahakama ilizitaka asasi zilizoshindwa zilipe ada ya yuan milioni 1.89. Rufaa iliifuta amri hiyo Desemba 2018. Fikiria kuendesha ofisi kwa mwaka mzima na zaidi ukiwa na deni kama hilo kichwani.

Mchezaji mkubwa sasa ni mwendesha mashtaka. Tangu Julai 2017 ofisi za waendesha mashtaka zina mamlaka ya kufungua kesi za maslahi ya umma, hata dhidi ya idara za serikali: mazingira, chakula na dawa, mali ya umma, na baadaye watoto, taarifa binafsi na haki za wanawake. Nyingi haziendi mahakamani. Mwendesha mashtaka huiandikia idara pendekezo, idara ina miezi miwili ya kujibu, na kwa kawaida inajirekebisha. Kuna wanaoliita jambo hili kiini macho. Sikubaliani nao moja kwa moja: mto uliosafishwa ni mto uliosafishwa, na idara nyingi zisingesikiliza asasi. Lakini huyu ni mtetezi anayechagua mwenyewe nini kitetewe, na yapo mambo ambayo hatayachagua kamwe.

Kwa mwanafunzi, msaada wa kisheria wa serikali na kliniki za vyuo ndivyo vilivyo wazi zaidi. Sheria ya Msaada wa Kisheria, iliyoanza 1 Januari 2022, inaviruhusu vyuo kuwapanga wanafunzi wa sheria kuwa wa kujitolea, watoe ushauri na kuandika nyaraka. Mgeni aliyeandikishwa chuoni anaweza kukaa pembeni ya wenzake, akasikiliza. Hong Kong, iliyokuwa kimbilio la waliotaka kuifuatilia China bara kwa usalama, nayo imebadilika tangu Sheria ya Usalama wa Taifa ya 2020. China Labour Bulletin, asasi ya haki za wafanyakazi iliyokuwapo huko tangu 1994, ilitangaza kujifunga Juni 2025.

Suala la viza watu hulipita haraka, nalo ndilo linalowaumiza wengi. Viza ya X1 ni ya masomo ya zaidi ya siku 180, X2 ni ya muda mfupi, na ya kazi ni Z. Mwanafunzi mwenye kibali cha makazi anayetaka mafunzo kwa vitendo nje ya chuo anahitaji idhini ya chuo, na polisi waiandike kwenye kibali chake. Akipita bila hiyo, ni ajira haramu: faini ya yuan 5,000 hadi 20,000, na kosa likiwa zito, siku 5 hadi 15 mahabusu. Kutolipwa mshahara si kinga ya uhakika. Aliyempokea naye hutozwa yuan 10,000 kwa kila mgeni. Kwa asasi ndogo hiyo ni kodi ya pango ya miezi kadhaa, na ni kisingizio kizuri kwa yeyote aliyekuwa anatafuta sababu ya kuingia ofisini humo. Ukilala kwa rafiki, jiandikishe polisi ndani ya saa 24. Na tangu Sheria ya Kupambana na Ujasusi ilipopanuliwa Julai 2023, fikiria mara mbili kabla ya kubeba majina na mafaili ya wateja kwenye kompyuta yako uwanja wa ndege.

Mwanafunzi kutoka kwetu

Takwimu za China zinaonyesha wanafunzi 81,562 kutoka Afrika walikuwa nchini humo mwaka 2018. Wanaosoma sheria ni sehemu ndogo, lakini wana kitu ambacho Mmarekani wa miezi miwili hana: miaka, lugha, na kibali halali cha makazi. Wana pia macho mengine. Aprili 2020, Waafrika mjini Guangzhou walipotolewa kwenye nyumba na hoteli kwa hofu ya korona, China haikuwa na sheria moja ya jumla dhidi ya ubaguzi ambayo mtu angeishika mkononi. Kilichoifanya serikali ya mkoa ijitokeze kueleza na kutoa maagizo ni malalamiko ya mabalozi wa Afrika na kelele za mitandaoni. Gazeti, barua, kisha agizo: utaratibu uleule wa 2003.

Ujuzi huo una soko hapa nyumbani. Tarehe 26 Juni 2019, jopo la kitaifa la mashauri ya mazingira nchini Kenya lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Walioleta shauri ni asasi ya Save Lamu na wenzao. Mtambo ulikuwa ujengwe na kampuni ya China, na fedha zilitarajiwa kutoka benki ya China. Zhang Jingjing, wakili yuleyule wa Pingnan, leo anafanya kazi ya kuzifuata kampuni za China zinapochafua nje ya nchi yao. Miongozo ya mikopo ya kijani ambayo China ilizitolea benki zake mwaka 2012, kifungu cha 21, inazitaka zihakikishe miradi zinayoifadhili ng'ambo inafuata sheria za mazingira za nchi husika. Mwanasheria wa Mombasa au Mtwara anayeweza kuisoma miongozo hiyo kwa Kichina na kuiandikia benki yenyewe Beijing, akiambatanisha nakala ya uamuzi wa Lamu, hahitaji viza, wala hamponzi mtu.